Nilivyopima usalama wa server Bujumbura enzi za vita, picha yangu ikaniletea mama asiye wangu

Wakuu, salamu kwenu wote, mnaosoma bosi akiwa hayupo na mnaosoma mkiwa mmejifungia chooni.

Ninachosimulia ni cha kweli. Ushahidi wangu ni mmoja tu: anayetunga hadithi hujipa nafasi ya shujaa. Mimi humu nimechukua nafasi ya mjinga, na wala sikuigombania na mtu.

Juzi niliona vijana wanabishana kwenye uzi mmoja kuhusu penetration testing, ile kazi ya kupima usalama wa server kwa kujaribu kuingia, huyu anataja certificate yake, yule anataja yake. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikaona bora niwape ya kwangu.

Ni Bujumbura, miaka ile ambayo internet ilikuwa imeshafika lakini amani bado. Usiku mnasikia bunduki upande wa milimani, asubuhi mnaulizana ilikuwa wapi, halafu kila mtu anakwenda kwenye shughuli zake.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nakaa Mutanga Sud kwa kaka yangu. Masomo yalikuwa yanasimama kila mara, mara kwa sababu hii, mara kwa ile. Nikawa nashinda cyber.

Huko nilikuwa nasoma makala za Kiingereza kuhusu usalama wa server. Nilielewa nusu. Nusu iliyobaki niliijaza kwa kujiamini. Mtaani wakaanza kuniita Informaticien, yaani mtaalamu wa computer, na mimi bila aibu nikaanza kuitika.

Sasa jirani na kwetu palikuwa na ofisi ya shirika moja dogo. Kazi yao ilikuwa kuwatafutia ndugu watu waliopotezana vitani. Mkuu wake aliitwa Madame Espérance, mama wa makamo, sauti ya upole, macho hayana mchezo.

Walikuwa na website. Server ilikuwa Ulaya, na wenzao wa Uvira, upande wa Congo, na wa Kigoma nao walipakia picha humo humo kutoka mbali, kwa modem zile za kupiga kelele. Ukurasa ulionyesha kila picha iliyokuwa ndani ya folder. Picha ikiwa na maelezo, jina linatoka chini yake. Ikiwa haina maelezo, website inaandika yenyewe: "Hajulikani. Anatafuta familia."

Kumbukeni hayo maneno, yatanirudia.

Nikamwendea Madame, nikamwambia nataka kuwapimia usalama wa server, bure kabisa. Akaniuliza ni mwizi gani anayeiba picha za watoto waliopotea. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba hatari si kuiba, hatari ni mtu wa nje kuingiza kitu chake. Akanitazama kidogo, akasema sawa, ila nisivunje kitu.

Ijumaa asubuhi nikakaa kwenye computer yao. Nikafungua telnet, programu ya kuandikiana na server moja kwa moja, nikaiuliza inakubali method gani, yaani amri zipi. Ikajibu kwa unyoofu kabisa: GET, POST, PUT, DELETE.

Wasiojua, PUT maana yake ni "chukua hili faili langu uliweke hapo." Server yenye akili inakuuliza kwanza wewe ni nani. Nikatafuta faili la kujaribia. Makala ilisema tumia faili dogo la maandishi lisilo na madhara.

Mimi, Informaticien, nikatumia picha yangu ya pasipoti. Ile ya kitambulisho cha chuo, nimekodoa macho kama niliyeulizwa swali la hesabu. Nilitaka Madame aone mwenyewe sura yangu imeingia.

Server ikajibu: 201 Created.

Haikuuliza jina. Haikuuliza password. Ilipokea tu.

Nikamwita Madame kwa furaha ambayo haikuwa na adabu. Nikamwonyesha: mtu yeyote duniani anaweza kuweka chochote hapa. Akatazama sura yangu kwenye screen muda mrefu, akasema, "Mu inchi hii yote, mulango moja tu ndio haina barrière. Na we unataka kuifunga."

Kwa wasioijua Bujumbura ya wakati ule, barrière ni vile vizuizi vya barabarani. Huwezi kwenda kununua mkate bila kukutana navyo.

Tukanywa chai. Baada ya chai nikapiga DELETE, nikaufungua ukurasa upya, sura yangu haipo. Nikamwambia Madame kwamba mtaalamu hujulikana kwa kusafisha nyuma yake. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Kitu kimoja sikukiuliza, na makala za Kiingereza hazikukitaja. Bujumbura ile, nani alikuwa anasoma website kwenye computer?

Jibu ni hakuna. Website ilisomwa kwenye karatasi. Kila Ijumaa asubuhi secrétaire wa ofisi alikuwa anaprinti kurasa zote, anazituma parokiani, sokoni, na kwa madereva wanaokwenda mikoani, zikabandikwe kwenye mbao za matangazo. Aliprinti tulipokuwa tunakunywa chai.

Wa kwanza kugundua alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka. Alirudi sokoni kimya. Akatenga chakula, akanijazia sahani kuliko siku zote. Nilipomaliza akaniuliza kwa heshima kama kuna jambo wamenikosea humu nyumbani hadi nikajitangaze sokoni kwamba natafuta familia.

Kaka yangu alinuna kweli kweli. Chuoni ndio kabisa, jina la Informaticien likafa siku hiyo hiyo. Wakawa wananisalimu, "Hajulikani, habari za asubuhi." Wengine nikikutana nao leo bado wananiita hivyo.

Mpaka hapo ilikuwa kichekesho, na mimi nilicheka nao. Halafu akaja mama mmoja kutoka upande wa Rumonge.

Barabara ile ya kando ya ziwa wakati huo magari yalikwenda kwa convoi, wanajeshi mbele na nyuma, na hata hivyo kuna siku hayakufika. Yeye alipanda. Aliingia ofisini na karatasi imekunjwa ndani ya kitenge. Akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye sura yangu, akamuuliza Madame, "Huyu iko wapi?"

Nikaitwa. Nilikuwa chumba cha nyuma natengeneza printer, nikatoka mikono imejaa wino.

Wakuu, sitaki kuwaficha. Yule mama alivyoniona alisimama, na nikaona uso wake unavyofunguka. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. Hata mama yangu mzazi hanitazami vile, yeye huanza na nywele.

Mwanawe aliitwa Désiré. Walipotezana mwanzo wa vita, mtoto ana umri wa kutumwa dukani. Alisikia tu kwamba kuna kundi lilivuka kwenda Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi. Sasa angekuwa kijana kama mimi, paji la uso kama la kwangu, na kwenye karatasi nyeusi na nyeupe paji la uso linatosha.

Lakini hakunirukia. Akavuta kiti, akaniambia, "Kaa hapa, nikuangalie." Nikakaa. Akaniangalia masikio, akaniangalia mikono. Kisha akauliza kwa utulivu, "Ile siku tulikimbia, nilirudia mu nyumba kuchukua nini?"

Nilimwambia sijui, mama.

"Basi we apana mutoto wangu," akasema. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye kitenge palepale ilipokuwa.

Niliona aibu ambayo sina maneno yake. Kwa muda ule mfupi nilitamani kweli niwe Désiré, nilijue hilo jibu, mambo yaishe vizuri. Badala yake ikabidi nimweleze kwamba picha ile ilikuwa test.

Akaniuliza nilikuwa najaribu nini. Nikamwambia, kama mtu yeyote anaweza kuweka picha bila kuulizwa. Akauliza kama nimeona anaweza. Nikasema anaweza.

"Basi weka ya kwangu," akasema.

Kwa utaratibu haikuwezekana. Ombi la mzazi lilitakiwa lipite kwa wakubwa wa Kigoma, lirudi, lipite tena, na njiani humo miezi inakatika. Nikamtazama Madame. Madame akaanza kutafuta miwani yake kwenye droo, na miwani alikuwa ameivaa.

Nikampiga picha yule mama, nikaiingiza kupitia lile lile tundu langu. Safari hii nikaweka na maelezo: Mama wa Désiré, yuko Bujumbura. Na swali lake, neno kwa neno, kwamba atakayesema ni Désiré ajibu siku ile mama alirudi ndani kuchukua nini.

201 Created.

Nikamwomba aniambie jibu, nilihifadhi, ili wakijitokeza watu tuwapime sisi wenyewe ofisini. Akakataa. "Apana. Wewe mwenyewe umesema mashine yako aiulizi mutu. Jibu nitabaki nayo mi."

Ripoti yangu ya usalama nilikuwa bado sijaiandika, na tayari kulikuwa na mtu aliyeifanyia kazi.

Hilo lilikuwa faili la mwisho kupita pale. Niliwaandikia wenye server, wakaifunga PUT, wakaweka password. Niliichagua mimi mwenyewe, ndefu, ina alama zote za keyboard. Ilikuwa imara kiasi kwamba wa Uvira walishindwa kuingia, wa Kigoma walishindwa kuingia, na baada ya wikendi nami nikashindwa. Tukaomba nyingine.

Convoi za kurudi Rumonge zikasimama, mama akabaki mjini kwa mpwa wake Buterere. Sisi tukaendelea na kazi.

Ijumaa zikapita na karatasi zake. Majibu yakaanza kuja.

Uvira wakaandika: kuna kijana anasema mama alirudi kuchukua pesa. Sasa mimi nifanyeje, jibu sahihi liko Buterere kwenye kichwa cha mtu, na mtu huyo hana simu. Nikachukua baiskeli ya kaka.

Buterere mnaisikia tu. Ni kule chini kabisa kaskazini ya mji, mashamba ya mpunga, mvua ikinyesha njia na shamba havitofautiani. Nilifika nimeibeba baiskeli badala ya yenyewe kunibeba. Nikasema, mama, wanasema pesa. Akasema pesa walikuwa wapate wapi.

Akanipa maharage na ndizi, nikala. Sufuria yake ndogo aliifunika kwa kifuniko kikubwa mno, kimebonyea upande mmoja, kinayumba na mvuke unatoka kotekote. Mimi mtaalamu wa usalama nikamshauri kwamba akitafuta kifuniko cha saizi yake atapunguza makaa. Akasema ahsante mwanangu, akakiacha palepale.

Likaja jibu la Biblia. Buterere. Apana. Likaja jibu la mtoto mchanga. Hilo lilimkasirisha, akaniuliza kama mimi namjua mama anayesahau mutoto mu nyumba na kukumbuka vyombo. Likaja la panga, la redio, la viatu vya baba.

Njiani palikuwa na barrière. Mara ya kwanza wanajeshi wakaniuliza naenda wapi. Nikasema napeleka jibu. Jibu la nini? La swali la mama mmoja. Na jibu lenyewe ni sahihi? Sijui. Wakaniweka juani wanijadili. Nilipowaeleza mwanzo mpaka mwisho, mmoja wao, jamaa mrefu mwenye jino la dhahabu, akasema yeye anadhani ni chumvi, kwa sababu mama yake angerudia chumvi.

Tangu hapo nikipita ananiuliza leo wamesema nini. Nikirudi ananiuliza imekuwaje. Nikisema apana, anasema aliwaambia ni chumvi. Nikampelekea mama na la chumvi pia, kwa niaba ya jeshi. Apana.

Hivyo ndivyo mfumo wetu ulivyokuwa wakuu. Server ya kuhakiki ilikuwa mama mmoja Buterere, na mimi nilikuwa ndio network. Ikinyesha, network inakatika.

Waliodanganya siwalaumu. Mtu aliyekulia kambini bila mama, akasikia kuna mama anatafuta mtoto, naye anajaribu bahati yake. Mimi mwenyewe nilishawahi kuutaka ule utoto kwa dakika nzima, na mama yangu yupo hai.

Kuna siku nilimkuta mama amekaa tu, hajapika. Akaniambia labda swali ni gumu. Labda mtoto alikuwa mdogo, hakuona, na yeye anawafukuza watu akiwemo mwenyewe. Nikataka kumwambia basi abadilishe swali, aweke rahisi. Kwa bahati njema nilifunga mdomo, na hilo kwangu halikuwa jambo la kawaida.

Halafu Kigoma wakaandika tena. Niliisoma email mara mbili, nikaiprinti, nikapanda baiskeli. Kwenye barrière jamaa wa jino la dhahabu akaniuliza, nikamwambia. Akafikiri, akasema kwa kweli hilo hakuna mtu angelitunga, nenda haraka.

Nilimkuta nje, mbele ya jiko la makaa, maharage yako motoni, kifuniko kinayumba kama kawaida. Nikamsalimu, nikafungua karatasi, nikamsomea kijana alivyosema.

"Kifuniko. Sufuria nilikuwa nayo mi kichwani, kifuniko kikabaki, mama akarudia. Mumuambie niliuza sufuria Kigoma, nilikuwa na njaa, anisamehe."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, na katikati ya kurudia macho yangu yakaenda kwenye jiko, kwenye lile lifuniko nililolitolea ushauri wa kitaalamu. Nikaishia hapo.

Mama akainama, akakiondoa kifuniko juu ya maharage, akakipangusa mvuke kwa ncha ya kitenge, polepole, pande zote mbili. Akakaa nacho mapajani.

"Ameuza sufuria yangu," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

Machozi yalikuwa yanamshuka na sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Muandikie aje hapa anielezee. Ile sufuria ilikuwa nzuri."

Nikamwandikia.

Ilichukua muda, maana njia zilikuwa zile zile na vita ni vile vile, lakini alikuja. Hatufanani hata kidogo. Paji lake la uso ni jembamba na masikio yake ni makubwa kuliko yangu. Alikuja na sufuria mpya ya zawadi, na kile kifuniko cha zamani hakikuingia. Mama akawa anakitumia hivyo hivyo.

Funzo langu ni hili, na nimelilipia kwa miguu. Unapopima server ya watu, omba ruhusa kama nilivyoomba, halafu tumia faili dogo la maandishi kama makala ilivyosema. Sura yako iache nyumbani. Na kabla hujapiga DELETE ukajisifu umesafisha, kwanza uliza watu wa pale wanasomaje, na nani ameshasoma. Kilichofutwa kwenye disk huenda kiko ndani ya kitenge cha mtu, kwenye gari, kinakuja.

La pili, ile password yangu yenye alama zote nimeshaisahau. Swali la yule mama nalikumbuka mpaka leo.

Karibuni mchangie, mnicheke, mnitukane kwa kiasi. Wale wa Buja mlionibandika jina la Hajulikani mnajijua, jitokezeni.

Na kila mmoja ajiulize: ingekuwa ni nyumba yako, siku ile, ungerudi ndani kuchukua nini? Ukishapata jibu, mwambie mtu mmoja tu unayetaka akupate. Hapa usiliandike, hii forum nimeshaichungulia.